Foleni maalumu kwenye ruta: kwa nini mgawo halisi haulingani na asilimia nilizopanga?

MsimamiziLaini anauliza:

Wakuu, salaam. Nina ruta ya Cisco yenye toleo la 12.0 la IOS (mfumo endeshi wake), inayounganisha makao makuu na tawi kwa laini ya mfululizo ya kilobiti 512 kwa sekunde. Laini hii hujaa saa za kazi, na kinachonisumbua si kujaa kwenyewe bali ni nani anayeumia inapojaa. Watumiaji wa hifadhidata walioko tawini hungojea skrini zao huku mafaili ya chelezo yakipita bila wasiwasi. Mpangilio wa awali wa ruta kwa laini za kasi ndogo ni foleni ya haki yenye uzito, ambayo hugawa uwezo wa laini kwa kila mkondo badala ya kila itifaki. Kwa kuwa programu ya chelezo hufungua mikondo mingi kwa pamoja, hujikusanyia sehemu kubwa bila kuvunja kanuni yoyote.

Kwa sababu hiyo niliweka foleni maalumu, yaani foleni kadhaa zinazohudumiwa kwa zamu, kila moja kwa hesabu yake ya baiti (`byte-count`), nikikusudia mgawo huu: hifadhidata asilimia 50, kurasa za wavuti wa ndani asilimia 25, mafaili asilimia 15, na trafiki nyingine yote asilimia 10. Mpangilio wenyewe ni huu, ambapo poti ya 1521 ni ya hifadhidata, 80 ya wavuti, na 20 ya mafaili:

```
queue-list 1 protocol ip 1 tcp 1521
queue-list 1 protocol ip 2 tcp 80
queue-list 1 protocol ip 3 tcp 20
queue-list 1 default 4
queue-list 1 queue 1 byte-count 2000
queue-list 1 queue 2 byte-count 1000
queue-list 1 queue 3 byte-count 600
queue-list 1 queue 4 byte-count 400
interface Serial0
 custom-queue-list 1
```

Jumla ni baiti 4000, kwa hiyo 2000 ni nusu yake, 1000 ni robo, na kadhalika. Nilitarajia laini ikijaa nione uwiano huo huo. Nikipima trafiki inayotoka wakati foleni zote nne zina kazi, hifadhidata hupata asilimia 42 hivi, wavuti 21, mafaili karibu 29, na nyinginezo chini ya 8. Mafaili yanapata takribani mara mbili ya nilichoyapangia. Wastani wa ukubwa wa pakiti zinazotoka upande huu ni baiti 220 kwa hifadhidata, 1100 kwa wavuti, 1500 kwa mafaili, na 400 kwa mchanganyiko uliobaki. Je, hesabu yangu ina kasoro, au ruta haizingatii nilichoandika?

BaitiKwaBaiti anajibu:

Ndugu MsimamiziLaini, ruta inazingatia ulichoandika neno kwa neno, na takwimu ulizozitoa zinatosha kuonyesha hivyo. Jambo la kushika ni kwamba ruta haikati pakiti vipande ili kutimiza hesabu ya baiti. Zamu ya foleni inapofika, ruta hutoa pakiti moja baada ya nyingine mpaka jumla ya baiti zilizotoka ifikie au ivuke hesabu uliyoweka, au mpaka foleni iishe, ndipo huhamia foleni inayofuata. Pakiti iliyokwisha kuanza kutoka hutoka nzima, hata kama imebakiwa na nafasi ya baiti moja tu.

Sasa tazama foleni yako ya tatu. Umeipa baiti 600, lakini pakiti yake ni ya baiti 1500, kwa hiyo kila zamu hutoa baiti 1500, na ungeiandikia 100 au 1499 matokeo yangekuwa yale yale. Foleni ya kwanza yenye 2000 hutoa pakiti 10 za 220, yaani 2200, kwa sababu pakiti tisa hufikisha 1980 tu. Ya pili hutoa pakiti moja ya 1100, na ya nne hutoa moja ya 400. Jumla ya mzunguko mmoja ni baiti 5200, na ukigawa utapata asilimia 42.3, 21.2, 28.8 na 7.7. Hizo ndizo namba ulizopima.

Njia ya kurekebisha ni kuanza na ukubwa wa pakiti, si na asilimia peke yake. Gawa kila asilimia kwa ukubwa wa pakiti ya foleni husika: 50 kwa 220, 25 kwa 1100, 15 kwa 1500, na 10 kwa 400. Kisha gawa majibu yote kwa lile dogo kuliko mengine, ambalo hapa ni la mafaili. Utapata 22.7, 2.27, 1 na 2.5, na hizo ndizo idadi za pakiti ambazo kila foleni inapaswa kutoa kwa kila mzunguko. Kwa kuwa hakuna robo ya pakiti, itakubidi uzifanye namba kamili.

Wengi hufundishwa kupandisha kila namba juu. Ukifanya hivyo hapa utapata pakiti 23, 3, 1 na 3, na mgawo wa asilimia 45.8, 29.8, 13.6 na 10.8. Wavuti umezidishiwa na hifadhidata imepunjwa, ilhali hifadhidata ndiyo iliyokuleta hapa. Sioni sababu ya kuifanya kanuni hiyo kuwa sheria. Ukichukua 23, 2, 1 na 3, mzunguko unakuwa wa baiti 9960 na mgawo ni asilimia 50.8, 22.1, 15.1 na 12. Wavuti umepungukiwa kidogo, nami ningeukubali upungufu huo.

Kuna mtego mmoja katika kuandika namba zenyewe. Ukiweka 1500 kwa foleni ya mafaili, na pakiti nyingi zikawa za baiti 1480, pakiti ya kwanza haitafikisha hesabu, kwa hiyo ruta itatoa ya pili, na mafaili yatapata karibu maradufu kwa kila zamu. Kwa hiyo andika namba iliyo chini kidogo ya kizidisho unachokitaka:

```
queue-list 1 queue 1 byte-count 5000
queue-list 1 queue 2 byte-count 2100
queue-list 1 queue 3 byte-count 1400
queue-list 1 queue 4 byte-count 1000
queue-list 1 queue 1 limit 60
```

Mstari wa mwisho usiupuuze. Kila foleni kwa kawaida hushika pakiti 20 tu, na zinazozidi hutupwa. Foleni yako ya kwanza inatakiwa kutoa pakiti 23 kwa zamu moja, na haiwezi kutoa pakiti ambazo haikuruhusiwa kuzihifadhi. Ukibadilisha hesabu ya baiti bila kupanua kikomo, hifadhidata itaendelea kupoteza pakiti wakati ambapo kwenye karatasi mgawo wake umekamilika.

Kumbuka pia kwamba asilimia hizi ni za wakati foleni zote zina kitu cha kutoa. Foleni ikiwa tupu, ruta huiruka bila kungoja, na sehemu yake hugawanywa kwa zilizobaki kwa uwiano wao. Siku ambayo hakuna anayefungua kurasa za wavuti, mzunguko utakuwa wa baiti 7760, na hifadhidata itapata kama asilimia 65, mafaili 19, na nyinginezo 15 na kitu. Kwa hiyo asilimia ulizopanga ni kiwango cha chini kinachohakikishwa, wala si dari.

ZamuYaNne anajibu:

Hesabu ya ndugu BaitiKwaBaiti ni sahihi, lakini inajibu swali la nani anapata kiasi gani na kuliacha swali la nani anangoja muda gani, ambalo kwa mtumiaji aliyekaa mbele ya skrini ndilo linaloonekana.

Mzunguko wa baiti 9960 kwenye laini ya kilobiti 512 huchukua takribani milisekunde 156. Pakiti ya hifadhidata inayofika mara tu zamu yake ilipopita italazimika kungojea foleni nyingine tatu zitoe baiti 4900, yaani karibu milisekunde 77. Hilo linavumilika. Lakini pakiti ya foleni ya nne hungojea baiti 8760, karibu milisekunde 137, na hiyo ni endapo haitakuta pakiti nyingine mbele yake. Iwapo wasimamizi huingia kwenye vifaa vya tawini kwa Telnet au SSH, vikao vyao vimo ndani ya foleni hiyo ya mwisho, pamoja na barua pepe na kila kitu kisichojulikana. Ningewapa foleni yao wenyewe yenye hesabu ndogo ya baiti, kwa kuwa zipo foleni 16 za kutumia na MsimamiziLaini ametumia nne tu. Foleni namba 0 haihesabiwi humo, kwani ni ya mfumo wenyewe: ruta huimaliza kwanza kabla ya kugusa nyingine yoyote, nayo hubeba mambo kama pakiti za kuthibitisha kwamba laini ingali hai.

Watu wakiona mgawo haujafika sawasawa hushawishika kuzidisha hesabu zote kwa mbili au tatu ili makosa ya ukamilishaji wa namba yapungue. Kweli yanapungua. Kwa mfano huu, ukizidisha kwa mbili utapata pakiti 46, 5, 2 na 5, na mgawo wa asilimia 49.1, 26.7, 14.5 na 9.7, ambao ni mzuri mno. Gharama yake ni mzunguko wa baiti 20,620, unaochukua milisekunde 322, na hifadhidata sasa itangoja hadi milisekunde 164 kati ya zamu na zamu. Umenunua asilimia chache kwa kuongeza kusubiri maradufu, na mimi nisingefanya biashara hiyo kwenye laini ya kasi hii.

Mzunguko nao hauwezi kufupishwa unavyotaka. Pakiti moja ya faili ni baiti 1500, na ikiwa hiyo iwe asilimia 15 ya mzunguko, basi mzunguko mzima lazima uwe wa baiti 10,000 hivi. Itifaki yenye pakiti kubwa na mgawo mdogo ndiyo inayowaamulia wengine wote urefu wa kusubiri. Ukitaka mzunguko mfupi, ama uongeze mgawo wa mafaili au uhamie toleo la 12.1 au la baadaye. Kuanzia toleo hilo ruta hukumbuka nakisi: foleni iliyozidisha baiti katika zamu hii hukatwa katika zamu inayofuata, kwa hiyo wastani hurudi kwenye uwiano ulioandikwa hata kama hesabu za baiti ni ndogo kuliko pakiti. Wazo hilo ni ndugu wa karibu wa mzunguko wa zamu wenye nakisi ulioelezwa na M. Shreedhar na George Varghese mwaka 1995. Ukiwa na toleo kama hilo, zile 2000, 1000, 600 na 400 za mwanzo zingekusogeza karibu sana na mgawo uliokusudia.

Nyongeza moja kuhusu itifaki zinazongoja uthibitisho kwa kila pakiti. TFTP ya kawaida, itifaki nyepesi ya kuhamisha mafaili, hutuma kipande cha baiti 512, kisha hunyamaza mpaka ijibiwe. Hata ukiipa foleni yake baiti 5000, kila zamu itakuta pakiti moja tu. Kuiongezea hesabu ya baiti hakutaisaidia kitu, kwa kuwa kinachoibana ni dirisha lake, yaani kiasi inachoruhusiwa kutuma kabla ya kujibiwa, wala si mgawo.

MsimamiziLaini anaandika:

Nawashukuru nyote wawili. Nimeweka hesabu za 5000, 2100, 1400 na 1000 pamoja na kikomo cha pakiti 60, na sasa hifadhidata inacheza karibu na nusu ya laini wakati wa msongamano, huku pakiti zinazotupwa katika foleni ya kwanza zikipungua kwa kiasi kikubwa. Foleni ya wasimamizi nitaiongeza.

Limebaki jambo ambalo sijalielewa. Tawi la pili lina ruta ya aina ile ile, ila haikuunganishwa kwa laini ya mfululizo. Inatoka kwa poti ya Ethaneti ya megabiti 10 kwenda kwenye modemu, na modemu ndiyo inayopanda laini ya kilobiti 512. Niliweka orodha ile ile ya foleni kwenye poti hiyo. Malalamiko hayakupungua, na nikitazama kwa `show queueing custom` pamoja na `show interfaces`, foleni zote ziko tupu wakati wote, hata watumiaji wanapolalamika. Je, orodha haifanyi kazi kwenye Ethaneti?

BaitiKwaBaiti anajibu:

Inafanya kazi, ila haina kazi ya kufanya. Foleni maalumu huanza kupanga pale tu ambapo kiolesura chenyewe kimeshindwa kutoa pakiti kwa kasi zinazofika. Kabla ya hapo pakiti huingia moja kwa moja kwenye foleni ndogo ya maunzi na kuondoka. Poti yako ina megabiti 10, kwa hiyo machoni pa ruta hakuna msongamano wowote. Msongamano uko kwenye modemu, ambayo haijui orodha yako na hutoa pakiti kwa kufuata aliyetangulia kufika.

Dawa ni kuuhamishia msongamano kwenye ruta. Weka udhibiti wa kasi ya kutoka kwenye poti ya Ethaneti, chini kidogo ya kasi halisi ya modemu, kwa mfano kilobiti 480, ili foleni ijengeke mahali unapoweza kuipanga. Udhibiti wa kawaida wa kasi hupanga pakiti zilizozuiliwa kwa foleni ya haki yenye uzito na si kwa orodha yako maalumu, kwa hiyo hapa ningeachana kabisa na foleni maalumu. Mfumo wa sera za madaraja katika matoleo yaliyofuata unakuruhusu kuweka sera moja ndani ya nyingine: ya nje inazuia kasi, ya ndani inagawa asilimia kwa madaraja. Kule huandiki baiti. Unaandika asilimia, na ruta yenyewe hushughulikia ukubwa wa pakiti. Katika matoleo mengi ya zamani ya mfumo huo jumla ya unachoweza kugawa ni asilimia 75 ya kipimo data, hivyo mgawo wako wa 50, 25, 15 na 10 utakataliwa mpaka ubadilishe kikomo hicho, au upunguze asilimia zenyewe na uiache trafiki nyingine iangukie kwenye daraja la kawaida.

ZamuYaNne anajibu:

Naunga mkono, tena kwa ruta zote mbili. Amri za foleni maalumu zimekwisha kuondolewa katika matoleo mapya ya IOS, kwa hiyo kila saa unayoitumia kuzinoa ni saa ya mfumo utakaolazimika kuuacha utakapobadilisha kifaa. Kwa ruta ya kwanza ambayo sasa inaenda vizuri, iache ilivyo.

Kagua pia namna unavyotambua trafiki, kwa sababu kosa la hapo halionekani kwenye hesabu. Ruta husoma mistari ya orodha kutoka juu kwenda chini na hushika wa kwanza unaolingana. Ukiingiza mstari mpana wa IP nzima juu ya mistari ya poti, yote yatamezwa na huo. Poti ya 20 hushika mafaili ya FTP (itifaki ya kuhamisha mafaili) katika hali yake amilifu tu. Siku programu ya chelezo itakapobadilishwa itumie hali tulivu, data itapita kwenye poti zisizotabirika, itaangukia foleni ya nne, na vilio vitahamia kwa watu wa barua pepe. Ni salama zaidi kuitambua seva ya chelezo kwa anwani yake, kwa kutumia orodha ya ufikiaji:

```
access-list 101 permit ip host 10.1.1.20 any
queue-list 1 protocol ip 3 list 101
```

Anwani hiyo ni ya mfano, weka ya kwako. Fanya vivyo hivyo kwa wavuti wa ndani ukihamia poti ya 443, kwa kuwa sehemu kubwa ya trafiki iliyosimbwa siku hizi hupita humo na namba ya poti haikuambii tena ni kazi gani.

Mwisho, yote haya yanapanga kinachotoka tu. Ikiwa tawi nalo hupandisha mafaili kuja makao makuu, upande huo hauguswi na hata mstari mmoja wa mpangilio wako. Ruta ya tawini inahitaji orodha yake yenyewe, yenye wastani wa ukubwa wa pakiti uliopimwa kule, kwa sababu ombi la hifadhidata linalopanda halina ukubwa wa jibu linaloshuka.

MsimamiziLaini anaandika:

Tawi hupandisha chelezo zake usiku, na mchana hupandisha maombi madogo tu, hivyo upande ule nitaupima kwanza kabla ya kuandika chochote. Kwa tawi la pili naanza na kilobiti 480 na sera mbili, na trafiki nyingine nitaiacha kwenye daraja la kawaida ili nisilazimike kugusa kile kikomo cha asilimia 75.

BaitiKwaBaiti anajibu:

Angalia hesabu yako hapo: 50, 25 na 15 ni asilimia 90, bado umevuka. Ama upandishe kikomo kwa `max-reserved-bandwidth` kwenye kiolesura, au ushushe hadi 40, 20 na 12, ambayo ni 72. Asilimia 28 zilizobaki hazipotei, kwani daraja lolote lenye pakiti linaruhusiwa kutumia nafasi ambayo mengine hayaitumii.